Somo: Kabla ya kupanda mti chuoni, wajue wanaoishi hapo



Leo nazungumza zaidi na wanavyuo, mlioko kampasi sasa hivi na mnaosubiri majibu ya udahili. Ila hata kama ulishamaliza zamani, soma tu, huenda una mdogo wako huko.

Mada yetu ni bioanuai ya chuoni. Neno linaonekana gumu lakini maana yake si ngumu: ni wingi na utofauti wa viumbe hai wa mahali fulani, kuanzia mti mkubwa mpaka fangasi walioko kwenye udongo, pamoja na namna wanavyotegemeana. Serengeti ina bioanuai. Na lile bonde nyuma ya hosteli yenu, ambalo watu wanatupia chupa na kuanikia nguo, nalo lina bioanuai yake.

Nimechagua mada hii kwa sababu karibu kila kikundi cha wanafunzi Wakatoliki chuoni kina siku yake ya mazingira. Tunavaa fulana, tunafagia, tunapanda miche hamsini, tunapiga picha na mlezi, tunarudi hosteli. Ni jambo zuri, silibezi. Lakini tukiulizwa swali dogo tu, hapo mlipopanda kulikuwa na nini kabla, wengi tunajibu: "Hapakuwa na kitu, palikuwa pori tu." Hilo jibu ndilo linalonipa shida. Pori si mahali pasipo na kitu. Mara nyingi tumefyeka wenyeji, tukaweka wageni, halafu tukasema tumetunza mazingira.

Kazi ya kwanza ya Adamu

Fungua Biblia yako, Mwanzo sura ya 2. Aya ya 15 tunaifahamu wote, mtu anawekwa bustanini ili alime na kutunza. Tunaihubiri kila siku ya mazingira. Ila shuka kidogo mpaka aya ya 19 na 20. Kabla Adamu hajapata mwenzake, Mungu anamletea wanyama na ndege aone atawaitaje. Yaani kazi ya kwanza tunayomwona Adamu akiifanya kwa macho yetu ni kuwaangalia viumbe na kuwapa majina. Na huwezi kumpa jina mtu usiyemtazama usoni.

Sasa jipime mwenyewe. Ukitoka hosteli mpaka darasani unapita viumbe wangapi unaowajua kwa majina? Kunguru unamjua. Wengine wote ni "ndege". Mwembe unaujua kwa sababu ya embe, mengine yote ni "miti". Bibi yako kijijini, ambaye pengine hakumaliza hata darasa la saba, anakushinda mbali. Anajua huu ni mti wa dawa ya tumbo, ule haufai kwa kuni, yule ndege akilia mvua iko karibu. Sisi tumesoma, tumepata majina ya kozi, tumepoteza majina ya viumbe.

Papa Fransisko katika waraka wake Laudato Si', uliotolewa mwaka 2015, aligusa jambo hili katika namba ya 33. Anasikitika kwamba kila mwaka maelfu ya aina za mimea na wanyama hupotea, na watoto wetu hawatawaona kamwe. Kinachonigusa mimi ni sababu anayoitoa. Hasemi tu kwamba tutakosa dawa au chakula. Anasema viumbe hao wanamtukuza Mungu kwa kule kuwepo kwao tu, na wana ujumbe wao kwetu, na hatuna haki ya kuunyamazisha. Chura aliyeko kwenye mtaro wa kitivo chenu yumo humo.

Chura wa Mlimani

Na tukishamtaja chura, kuna habari ambayo nadhani wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanapita karibu nayo bila kujua. Pale kampasi ya Mlimani kumejengwa sehemu maalumu ya kufugia vyura. Si vyura wa kawaida. Ni chura wa Kihansi, mdogo, rangi ya njano kama haradali, hata mkubwa wao hafiki sentimita 3. Unaweza kumweka juu ya ukucha wa kidole gumba. Hatagi mayai kwenye maji kama vyura tuliowasoma shule. Jike anazaa watoto wakiwa tayari vyura kamili, wadogo mno.

Duniani kote chura huyu alikuwa na nyumba moja tu: korongo la mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, chini ya maporomoko, mahali panapolowa muda wote kwa manyunyu. Eneo lenyewe lilikuwa kama hekta 2. Hiyo ni kama viwanja vitatu vya mpira, basi.

Aligunduliwa mwaka 1996. Aligunduliwaje? Kulikuwa na mradi wa bwawa la umeme, na wataalamu wakatumwa kuchunguza viumbe wa korongo lile wakati mradi tayari uko njiani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo mwaka 2000, manyunyu yakakoma karibu yote. Zikafungwa bomba za kunyunyizia maji ili kuiga yale manyunyu, na kwa muda ikaonekana vyura wanaongezeka. Mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, na kwenye miili yao ukakutwa ugonjwa wa fangasi unaoua vyura sehemu nyingi duniani. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena.

Bahati ni kwamba mwaka 2000, kabla mambo hayajaharibika kabisa, vyura karibu 500 walichukuliwa na kupelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Wakazaliana huko. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudi nyumbani kwa ndege, wakapokelewa Mlimani, na mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwarudisha Kihansi. Kazi bado ni ngumu kwa sababu mto na ugonjwa ni vilevile.

Sitaki usome habari hii ukadhani umeme ni dhambi. Mitambo ya Kihansi ina uwezo wa megawati 180, na kuna miaka nchi hii imeitegemea sana. Huenda taa unayosomea usiku imewahi kuwaka kwa maji yale. Ninachotaka uone ni mpangilio wa matukio. Kama wale wachunguzi wasingeingia korongoni wakaangalia chini ya majani, chura yule angekufa akaisha bila hata jina, na hakuna mtu angejua kwamba kuna kitu kimekufa. Na wachunguzi wenyewe walifika wakati maamuzi makubwa yameshafanyika. Wangetangulia miaka 10, mazungumzo yangekuwa mengine.

Kwenye kampasi yako, mchunguzi ni wewe. Hakuna atakayetumwa kutoka mbali kuja kuangalia bonde la nyuma ya hosteli.

Mti si mti tu

Turudi kwenye miche yetu hamsini. Angalia miti iliyojaa kwenye vyuo vyetu: ashoki zile ndefu zilizopangwa kama askari wa gwaride, asili yake ni India na Sri Lanka. Mjohoro na mwarobaini, Asia. Mkaratusi na grivelia, Australia. Jakaranda, Amerika ya Kusini. Mkrismasi ule wenye maua mekundu unaotupendezesha Desemba, Madagaska. Sijasema ing'olewe! Mwarobaini unatupa kivuli na dawa, na hata mwembe ni mgeni aliyekuja akakaribishwa, nani ataukata? Ila ukipanda hiyo peke yake mwaka baada ya mwaka, unapata kampasi ya kijani ambayo ndege na wadudu wa kwetu wengi hawapati humo chakula wala kiota. Ni kama nyumba iliyopakwa rangi nzuri nje, jikoni hakuna kitu.

Linganisha na mkuyu. Mkuyu unaujua, ndio mti aliopanda Zakayo pale Yeriko ili amwone Yesu (Lk 19:4), na aina ileile inaota kwetu kando ya mito. Maua yake yamo ndani ya tunda, hayaonekani kwa nje, na kuna kidudu kidogo jamii ya nyigu ambacho huingia humo kutaga mayai yake na kubeba chavua. Mkuyu hauzai bila nyigu wake, na nyigu hana pa kuzalia bila mkuyu. Halafu mikuyu haiivi yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo msimu ambao matunda mengine hakuna, mkuyu mmoja unaweza kuwalisha ndege, popo na tumbili wa eneo zima. Chuo kikikata mkuyu mmoja mkubwa na kupanda ashoki ishirini, kwenye ripoti kitaandika kwamba kimeongeza miti 19.

Na usidhani kila mti wa Afrika ni mwenyeji kila mahali pa Afrika. Kule Amani, Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda miti ya kila aina kutoka kila bara. Kati ya miti iliyoletwa Usambara ni ule ambao Waganda wanauita musizi, mti wa upande wa Ziwa Viktoria na Afrika Magharibi. Ulipoachiwa msitu wa Usambara, ukaenea ukajaza kila uwazi palipoanguka mti wa asili, na mpaka leo ni shida kwa wahifadhi. Waliopanda walikuwa wataalamu wa mimea kabisa, si kikundi cha wanafunzi cha Jumamosi.

Kwa hiyo kabla hamjanunua miche, ulizeni wazee wa mtaa ule na mafundi bustani wa chuo: hapa zamani paliota nini? Mvule, mkangazi, mninga, mpingo, mkuyu, kila sehemu ina yake. Pitieni vitalu vya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, mulize miti ya asili ya ukanda wenu. Itakua polepole kuliko mkaratusi. Mpingo ndiyo kabisa, utahitimu, utaoa, utazeeka, na bado utakuwa mwembamba. Na wakati mwingine jibu sahihi ni kutopanda kabisa, ila kuweka uzio wa kamba, kuzuia moto na fyekeo, na kuacha mbegu zilizolala ardhini ziote zenyewe. Hii haina picha nzuri ya kuposti. Baada ya miaka 3 nenda ukaangalie.

Majirani wasiopendwa

Kuna viumbe wa chuoni ambao hata sisi wasali rozari tunawaua bila kufikiri. Bundi, kwa mfano. Bundi akitua juu ya paa la hosteli usiku, kesho yake kuna mtu anatafuta manati, maana anasema ni uchuro. Kijana Mkatoliki anayeamini ufufuko anamwogopa ndege anayekula panya! Na panya hao hao ndio wanatafuna noti zako na unga wako wa ugali. Popo vilevile. Popo wanaokula matunda ndio wanaosambaza mbegu za mvule, mti ambao mbao yake tunaililia. Acha kuwapiga mawe, na pia usiwashikeshike, ni wanyama pori na wanaweza kuwa na magonjwa.

Nyoka sikudanganyi, akiingia chumbani usimshike wala usijaribu ushujaa. Fungeni mlango, mwite anayejua. Ila yule aliyeko kichakani kwake, anayekwenda zake, muache aende.

Kwa upande mwingine yupo mmoja tunayemlisha sisi wenyewe bila kujua: kunguru wa India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kula takataka za mji. Akazaliana, akavuka, na leo Dar es Salaam yote ni yake. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, ndiyo maana mahali alipojaa yeye ndege wadogo wanapungua. Na anafuata nini kampasi? Mapipa ya kantini yasiyo na mifuniko, mabaki ya chipsi tunayoacha kwenye vimbweta. Kikundi kikitumia nguvu yake ya muhula mmoja kuhakikisha kila pipa la jikoni lina mfuniko na linamwagwa kabla ya jioni, kitakuwa kimewasaidia ndege wa chuo kile kuliko miche mia. Hakuna mtu atawapigia makofi kwa mfuniko wa pipa, lakini ndivyo ilivyo.

Pori linapotaka kukatwa

Hapa sasa ndipo kwenye uzito. Vyuo vinakua, wanafunzi wanaongezeka, hosteli zinahitajika kweli. Siku moja utaona mambo ya chokaa yamepigwa kwenye lile bonde. Ufanye nini?

Watu wengi wanafikiria maandamano, na mfano unaotajwa ni wa majirani zetu Nairobi. Mwaka 1999 sehemu za msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, zilikuwa zimegawiwa wajenzi binafsi. Tarehe 8 Januari Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti pale, wakapigwa na walinzi, naye akaumizwa kichwani. Mwisho wa mwezi ule wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani kuutetea msitu, wakapambana na polisi, masomo yakasimama. Agosti mwaka huohuo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Karura ipo mpaka leo, familia zinatembea humo Jumapili baada ya Misa.

Wangari mwenyewe, kwa wasiojua, alilelewa kimasomo na masista, akawa mwanachama wa Lejio ya Maria akiwa shuleni, akasoma biolojia katika chuo cha Wabenediktini kule Kansas, Marekani. Lakini angalia kilichotangulia. Ukanda wa Kijani aliuanzisha mwaka 1977, miaka 22 kabla ya siku ile ya Karura. Alikuwa na barua, ramani, mashahidi, kina mama wenye vitalu. Wanafunzi waliongeza moto kwenye jiko lililokuwa na kuni tayari. Moto bila kuni unawaka siku mbili, halafu kinachobaki ni madirisha yaliyovunjwa na mitihani iliyoahirishwa, na pori linakatwa likizo mkiwa nyumbani.

Kuni zenu ni kumbukumbu. Kikundi chenye daftari la miaka miwili linaloonyesha kwamba bondeni kuna ndege wa aina kadhaa, chemchemi isiyokauka, na mikuyu mitatu, kinaweza kuingia ofisi ya majengo kwa heshima na kusema: Mzee, shikamoo, tunaomba hosteli isogezwe mita arobaini upande huu, mikuyu ibaki. Mara nyingi mchoro ulichorwa na mtu ambaye hakuwahi kufika hapo, na kuusogeza mapema hakuna gharama kubwa. Hapa Tanzania pia kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria hiyohiyo inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana nafasi ya kutoa maoni. Nyie mnaosoma sheria, hilo ni lenu. Msiwaachie wa biolojia peke yao.

Mnaanzaje

Chagueni sehemu moja ndogo, si kampasi nzima. Watu wanne wanatosha. Kila wiki siku ileile, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya vipindi, kaeni hapo dakika 15 kimya, andikeni kila kinachoonekana na kusikika. Msichokijua jina, pigeni picha. Kuna programu ya bure ya simu inaitwa iNaturalist, unaweka picha yako, na watu wengine duniani, wakiwemo wataalamu, wanasaidia kukitambua, na kumbukumbu inabaki na tarehe na mahali. Asiye na bando atumie daftari na akamwulize mlinzi wa usiku. Walinzi wanajua mambo! Wanajua kicheche anapita saa ngapi na kenge anakaa kalavati lipi.

Mwanzoni mtaona aibu, maana wenzenu watauliza mnavizia nini kichakani. Kaeni tu. Ukimya ule wa asubuhi wengine wameufanya sehemu ya sala yao, na haina ubaya.

Mtakaopanda, angalieni kalenda. Kipindi cha Kazi ya Uumbaji ni kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 4, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Ni kipindi kizuri cha sala na mafundisho, lakini sehemu nyingi za nchi yetu ardhi bado ni kavu kama tofali na wanafunzi wengi hawajarudi. Tumieni siku hizo kuchimba mashimo na kukusanya mbolea. Pandeni mvua zikishashika vizuri. Mche uliopandwa mwanzoni mwa mvua utapata miezi kadhaa ya kushika mizizi kabla ya likizo ndefu, na likizo ndefu ndiyo inayoua miche ya vyuoni kuliko mbuzi.

Kwa hiyo kwenye kikao cha jumuiya wiki hii jadilianeni mambo haya. Ni sehemu gani ya kampasi yenu ambayo watu husema "hapana kitu", na nani amewahi kukaa hapo dakika 15? Miche ya mwaka jana iko mingapi hai, mmeihesabu? Na Agosti, wote mkiwa makwenu, nani aliyebaki karibu na chuo atakayemwagilia, na ndoo yake mmeinunua?

Tafakari njema.